Mstari wa Saba

3 Februari

Baba yangu,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa kwenye kile kiti chako chenye mguu mfupi, chai mkononi, na mgongo umekupa likizo. Mimi ni mzima, ukiacha mafua ambayo yamenizoea kuliko nilivyoyazoea mimi.

Nimekupigia simu mara nne, haipatikani. Basi nakuandikia, tena kwa kalamu nene na herufi kubwa kama za bango, ili usihangaike sana na lenzi.

Kipande cha ngozi yako kimefika. Kililetwa jana asubuhi ndani ya kisanduku cha barafu, hakina jina, kimeandikwa "Tisa" tu. Lakini huko nyumbani ni hospitali moja tu inayotuletea, na safari hii imeleta ngozi ya mgonjwa mmoja, kwa hiyo sikuhitaji kupiga ramli. Nilikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa maabara, yule mama niliyekuambia hacheki mpaka Ijumaa, nikamwambia Tisa ni baba yangu. Alivua miwani akanitazama. Akasema, "Basi wewe utazilisha tu. Kupima atapima mwingine, na faili lake hutaligusa." Nikashukuru. Sikutaka zaidi ya hapo.

Uliuliza tutaifanyia nini hiyo ngozi. Iko hivi. Nyuma ya jicho, kwenye retina, kuna seli zinazopokea mwanga. Chini yake kuna tabaka jembamba la seli za kahawia, kazi yake ni kuzilisha zile za juu na kuzisafishia nyumba. Kwako hilo tabaka la chini limekufa pale katikati, ndiyo maana unaona doa. Za juu bado zipo, zina njaa tu. Sisi tunazichukua seli za ngozi tunazirudisha utotoni, mpaka zinakuwa seli shina, yaani seli ambazo bado hazijachagua kazi. Halafu tunazilea polepole ziwe zile za kahawia. Zikishikana zikawa utando mmoja, daktari atauweka ndani ya jicho lako la kulia. La kushoto wamesema wamelichelewa.

Haya bado ni majaribio, Baba, nisitie chumvi. Huenda usipate kitu. Lakini huenda ukapata.

Itachukua miezi minane. Nijibu ni nani anakupeleka hospitali. Ukiniambia unakwenda peke yako nitapanda ndege nije nikugombeze uso kwa uso.

Mwanao,
Nukta


20 Februari

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Nyingine ya akiba. Mgongo haujapewa likizo, umestaafu kabisa.

Barua yako nimeisoma kwa siku tatu. Usicheke. Ukurasa mmoja kwa siku, lenzi jichoni, dirisha wazi, na siku ya tatu nikarudia mwanzo kwa sababu nilikuwa nimesahau salamu. Hii naandika kwa brashi namba mbili. Nimekata kidirisha kwenye boksi la viatu, nalilaza juu ya karatasi, mstari unakaa humo humo. Fundi mabango wa miaka arobaini anaongozwa na boksi la viatu! Mama yako angecheka mpaka akae chini.

Simu imekufa. Nimeipeleka kwa fundi, fundi naye kaenda kwao.

Hospitali nilipelekwa na Mwalimu wa ghorofa ya juu. Unamjua, kastaafu shule lakini shule haijamstaafu yeye. Walinikalisha mbele ya ile chati ya herufi, nikasoma mistari miwili, wa tatu nikasema umenishinda. Mwalimu alikuwa kasimama nyuma yangu kama msimamizi wa mtihani, ningedanganya vipi.

Uliwahi kuniuliza doa linafananaje. Ni kama mtu kabandika gumba lake kwenye kioo, na kila ninapotazama gumba linakuja nami. Nikimtazama mtu usoni, anabaki masikio. Pembeni naona vizuri tu, naona hata paka anayeniibia kiti. Ila kile ninachokitaka hasa ndicho kinachofichwa.

Sasa nikuambie kitu ambacho sijakuambia. Jiwe la mama yako bado ni tupu. Mwaka wa sita huu. Watu wanapita wananiona mzembe, maana nimeandika mtaa huu wote, kinyozi, bucha, mpaka daktari wa meno, na mke wangu amelala chini ya jiwe lisilo na jina. Mwaka wa kwanza mkono ulitetemeka. Wa pili nikawa natafuta rangi nzuri zaidi. Wa tatu gumba likaja. Nikasema siwezi kumwandikia yule mwanamke herufi mbovu. Yeye ndiye aliyekuwa akisimama ng'ambo ya barabara ananipigia kelele kwamba herufi ya nne imeinama, na kweli imeinama.

Kwa hiyo sitaki jicho la kusoma gazeti. Nataka saa mbili tu za jicho zima, nimwandikie jina lake. Waambie hivyo hao wakubwa wako.

Na hizo seli zangu, zinafananaje? Zina kichwa kigumu?

Baba yako,
Fundi


2 Mei

Baba yangu,

Shikamoo. Hujambo? Mwalimu hajambo? Paka bado anashika kiti?

Seli zako zina kichwa kigumu kweli. Za wagonjwa wengine zilikubali kurudi utotoni ndani ya mwezi mmoja, zako zikakaa wiki sita zinatutazama. Mwenzangu wa meza ya pili akasema tuzitupe tuanze upya. Nikamwambia subiri, mwenyewe ndivyo alivyo, ukimharakisha anaweka brashi chini. Wiki ya saba zikakubali zote kwa pamoja. Sasa ni seli shina, vijitu vidogo vimejikusanya kama kokoto. Nazilisha kila siku: naondoa maji ya zamani, naweka mapya ya waridi yenye chakula. Nikiwa peke yangu nazisalimia. Nazipa shikamoo, ni seli za mkubwa wangu.

Geuza ukurasa, Baba, nina jingine.

Sikutaka kukuandikia haya lakini nani mwingine nimwandikie. Mwezi wa tatu nililazwa siku nane. Tumbo lilinikata nikiwa kazini, nikaanguka kati ya meza mbili. Walinipasua usiku ule ule, wakaniambia ningechelewa kidogo ningekufa. Nilipozinduka hakukuwa na mtu. Nesi aliniuliza nani aitwe, nikataja namba yako, akarudi akasema haipatikani. Nililia kama mtoto, sikuona haya. Sasa nimepona, kidonda kimefunga, ila bado naogopa kulala peke yangu. Nilitaka tu ujue. Nilitaka mtu mmoja wa kwetu ajue.

Niandikie mapema.

Mwanao,
Nukta


25 Mei

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Mimi mzima, Mwalimu mzima, mtaa mzima.

Barua yako nimeipata na nimeisoma yote. Nimefurahi sana kwa habari zako nzuri, nimecheka peke yangu. Endelea hivyo hivyo, Mungu akuzidishie.

Hapa mambo ni ya kawaida. Kinyozi anataka bango jipya, nimemwambia asubiri jicho. Ile rangi nyeusi ya jiwe nimeinunua, ipo chini ya kitanda, natikisa kopo kila Jumapili isigande.

Nisalimie seli zangu.

Baba yako,
Fundi


10 Agosti

Baba,

Shikamoo.

Nimekaa muda bila kuandika. Nitakuambia sababu, kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kusema kitu kikiniuma. Nilikuandikia nimelazwa siku nane, ukanijibu umefurahi na umecheka. Labda hukugeuza ukurasa. Labda ulikuwa na mengi. Nimejiambia hivyo mara mia na bado inauma. Basi, nimeyatema, tuyaache.

Seli zimekuwa za kahawia. Ilianza doa moja dogo pembeni ya sahani, siku ya pili mawili, na sasa sahani nzima ina rangi ya chai ya maziwa. Zimeshikana, utando upo karibu kukamilika. Mkuu wa maabara aliutazama kwenye darubini akasema "Hmm," na ilikuwa Jumanne. Wewe utapasuliwa jicho mwezi wa kumi.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo penye kazi. Tarehe 18 Septemba watakuita kupima jicho tena. Wanataka kuhakikisha jicho liko vile vile lilivyokuwa. Likionekana limepata nafuu, watasema halihitaji, hawataligusa, maana hawataki kupasua jicho ambalo bado linaona. Kwa hiyo usibahatishe. Herufi usiyoiona, sema siioni. Ukiona kivuli chake tu, sema siioni. Usijitahidi, usikisie kwa ufundi wako, nakujua. Hata ukisoma mstari mmoja tu ni sawa. Seli zako za juu bado zipo hai, picha ya jicho ndiyo itakayowaonyesha hilo, si chati.

Utando ukishakomaa unaishi wiki sita tu nje ya jicho. Hakuna nafasi ya kukosea halafu tukarudia.

Nijibu neno moja tu: nimeelewa.

Nukta


1 Septemba

Mwanangu Nukta,

Marahaba mwanangu. Mgongo upo, moyo upo juu.

Barua imefika na maneno yako yote nimeyaweka moyoni. Nitafanya kila ulilosema. Usiwe na wasiwasi na mzee wako.

Hospitali wametuma mtu kuniambia siku ya kwenda. Nimepiga pasi shati jeupe mwenyewe. Mwalimu kasafiri kwa dada yake, lakini njia naijua, nahesabu nguzo.

Baba yako,
Fundi


19 Septemba

Nukta wa baba yake!

Salamu baadaye, kwanza habari. Nimefaulu!

Nimesoma mpaka mstari wa saba. Saba, mwanangu, kale kadogo ka chini kabisa! Nesi alishika kiuno akasema, "Mzee, unatuonea sisi vijana." Daktari akanirudisha kitini akasema nisome tena, nikasoma tena, bila kukosa hata moja. Akaandika sana. Akasema nitapewa taarifa.

Nilitoka pale natembea kama bwana harusi. Nimepita makaburini nikamwambia mama yako akae tayari. Nimepima jiwe kwa viganja. Jina lake litaingia vizuri kwa mstari mmoja, nitaacha kiganja kizima juu kwa ajili ya hewa. Herufi zikibanwa hazipumui.

Rangi haijaganda.

Baba yako,
Fundi


6 Oktoba

Baba yangu,

Shikamoo. Barua hii nimeiweka ndani ya bahasha ya Mwalimu, na nimemwomba akusomee. Mwalimu, shikamoo, nisamehe kwa mzigo huu. Msomee pole pole, usiruke kitu.

Baba, karatasi imekuja kutoka hospitali. Tisa ameondolewa. Wameandika kwamba jicho limepata nafuu kubwa, kwa hiyo halipasuliwi. Wametuagiza utando usitumwe.

Nilimwambia mkuu wa maabara kwamba haiwezekani. Tabaka lile halijirudishi lenyewe hata siku moja. Akaniuliza, "Basi baba yako alisoma nini?" Nilikwenda nyumbani nikatoa barua zako zote, nikazipanga mezani kwa tarehe, nikazisoma tena moja moja. Ya Februari inajibu kila nilichouliza. Tangu hapo hakuna hata moja inayojibu chochote. Nilikuambia nimepasuliwa, ukafurahi. Nilikuambia useme huoni, ukasoma saba. Nilikuomba neno moja, ukanipa mengine yote.

Hukuwa unasoma, Baba. Tangu lini?

Nimewaandikia kamati ya hospitali wakupime upya. Utando una wiki tatu zilizobaki. Nenda na Mwalimu. Na tafadhali niambie ukweli, mimi si mteja wako.

Mwanao,
Nukta


14 Oktoba

Mwanangu Nukta,

Mkono huu ni wa Mwalimu, maneno ni yangu. Nimemkataza kusahihisha.

Alipomaliza kunisomea barua yako aliniuliza zile nyingine ziko wapi. Nikamwonyesha droo ya brashi. Akazisoma zote mchana mmoja, ya Mei, kisha ya Agosti. Alipofika kwenye ukurasa wako wa pili nilimwambia anyamaze, halafu nikamwambia arudie. Nukta, ulipasuliwa tumbo ukamwita baba, na baba akakuandikia kwamba amecheka. Sijui mtu anaombaje msamaha wa kitu kama hicho. Naomba tu. Nimelia mbele ya Mwalimu, na unajua mimi hata kwenye mazishi nilibana machozi.

Uliuliza tangu lini. Tangu Machi. Gumba lilikua. Ya Mei niliifungua, nikaishika dirishani, nikaona weupe wenye moshi. Nikaigeuza huku na huku. Nilijua ni wewe kwa ule unene wa kalamu. Nikajiambia mwanangu akiandika kurasa mbili basi mambo yake ni mazuri, mtu mwenye shida huandika fupi. Nikajibu. Na simu haikuharibika hata siku moja, ilikuwa imezima na sikuona vibonye vya kuiwasha.

Mwalimu anauliza kwa nini sikumpa yeye asome. Ningempa, angejua. Angejua, angekuandikia. Wewe ungetupa kila kitu urudi, kama ulivyoacha masomo mwaka mzima mama yako alipougua. Hilo moja. Jingine ni kwamba barua zako ni zangu. Sikutaka kuzisikia kwa sauti ya mtu mwingine. Nilikuwa nikizishika tu, jioni, kama mtu anayesoma.

Sasa chati. Nilifika mapema, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango. Pembeni yangu alikaa dereva mmoja mstaafu, mwongeaji. Akaniambia yeye hapa ndiyo mara ya mwisho, jicho likishazidi kufa hawalitaki tena, wanakuacha. Nikashikwa na baridi, Nukta. Nilijua mara ya kwanza nilisoma mistari miwili, na sasa sioni hata ile herufi kubwa ya juu. Nikasema basi, wataniacha, na jiwe litabaki tupu. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Ndani watu walikuwa wakisoma, mmoja baada ya mwingine, chati ile ile. Herufi ni kazi yangu. Watu wanne tu walitosha, nilikuwa nayo yote kichwani, kijana mmoja mwenye macho makali aliniletea mpaka wa saba. Nilipoitwa nikatazama ukuta mweupe nikaimba.

Nilidhani ni mtihani. Nilidhani seli wanapewa waliofaulu.

Kesho tunakwenda, mimi na Mwalimu. Nitasema sioni. Nimeelewa. Uliniomba neno moja, hilo hapo, limechelewa miezi miwili.

Baba yako,
Fundi


9 Novemba

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mwalimu, shikamoo. Sina njia ya kukuletea haya polepole, kwa hiyo nayasema.

Kamati ilikaa mara mbili. Walipokea kipimo cha pili, walikuona ulivyosema "sioni" kwa kila herufi, na daktari aliandika kwamba anakuamini. Lakini mmoja wao akauliza, mtu huyu alisoma saba kisha sifuri, tutapimaje kama utando umemsaidia? Walibishana. Wakasema wapate picha mpya ya jicho. Mashine ya picha ilikuwa na foleni. Picha ilipofika, wiki sita zilikuwa zimepita kwa siku nne.

Nilimwuliza mkuu wa maabara tuanze upya, ngozi ipo, akiba ipo kwenye barafu. Alinikalisha. Alinionyesha picha yako, japo aliniambia tangu mwanzo sitagusa faili. Zile seli za juu, zilizokuwa na njaa, pale katikati hazipo tena isipokuwa mkanda mwembamba. Alisema, "Miezi minane mingine hazitasubiri. Tutakuwa tumepanda mbegu kwenye saruji." Halafu mama yule asiyecheka akanishika mkono, tukakaa hivyo.

Utando uliopitwa na wakati lazima uharibiwe. Aliniuliza kama nataka mwenzangu afanye. Nilisema hapana, nimezilisha mimi.

Uliwahi kuniuliza zinafananaje, na majibu yangu yote yaliishia kwenye droo. Nakuambia sasa. Kwenye darubini zilikuwa kama vigae vya sakafu, kila kimoja kina pembe sita, kimekaa vizuri na mwenzake, hakuna upenyo hata mmoja. Kila moja ina chembe zake za kahawia ndani. Zilikuwa nzuri, Baba. Zilikuwa nzuri kuliko za wagonjwa wote. Ungeziona ungesema fundi aliyepanga hizi anajua kazi. Nilizitazama muda mrefu, kisha nikamwaga dawa. Rangi ilitoka polepole, kahawia ikawa njano, njano ikawa weupe. Niliziaga kwa shikamoo, sikujua neno jingine.

Usijibebeshe yote. Mei ulinijibu ovyo, na mimi, badala ya kushtuka, nikanuna. Kila siku naangalia macho ya watu kwenye karatasi, nilikuwa na barua mkononi inayosema baba yangu haoni, na mimi nikaona kiburi changu tu. Ningemwandikia Mwalimu siku ile, leo ungekuwa na bandeji na matumaini. Hilo nitakaa nalo.

Nimeomba likizo. Nakuja tarehe 20 Desemba. Jina la mama tutaliandika pamoja, nitashika brashi, wewe uniongoze. Ulinifundisha mwenyewe, nilipokuwa mfupi kama nukta. Nisubiri.

Mwanao,
Nukta


5 Desemba

Mwanangu Nukta,

Marahaba. Hii naandika mwenyewe, kwa boksi la viatu. Kama mistari imepandana, utanivumilia.

Sikukusubiri.

Ungekuja ungeandika vizuri, mkono wako ni mzuri, lakini lingekuwa jina ulilomwandikia wewe. Nami nilimwahidi mimi. Kwa hiyo Jumamosi asubuhi nilitikisa kopo, nikampigia Mwalimu hodi, tukaenda. Alibeba ngazi fupi, uzi wa chaki na kiti cha kukunja. Njia nzima hakunikosoa hata neno, nikajua ananihurumia.

Nilivuta uzi mara mbili, juu na chini, Mwalimu akaushika upande wa pili. Nilipima herufi kwa vidole. Nikageuza kichwa pembeni, ili gumba likae mbali na nipate angalau ukingo wa jiwe. Nukta, zile herufi tatu za mwanzo nilizifurahia. Mkono ulikumbuka wenyewe. Nilisikia jua mgongoni na mgongo haukuuma.

Halafu mama mmoja akapita nyuma yangu na ndoo, akasema, "Kazi njema, Fundi." Miaka mitatu hakuna aliyeniambia hivyo. Niligeuka nikamjibu. Nikamwuliza hata habari za watoto.

Niliporudi kwenye jiwe sikujua nilipoishia. Nikatafuta kwa kidole, nikagusa, nikadhani pale ni pakavu. Nikaanza herufi ya nne, na brashi ikateleza. Rangi ikipita juu ya jiwe inakwaruza, ikipita juu ya rangi mbichi inateleza, hilo hata usingizini silikosei. Nilikuwa juu ya herufi nyingine, sijui ni ya pili, sijui ni ya tatu. Ningeacha pale, jina lingebaki nusu. Nikaenda mpaka mwisho.

Nikamwuliza Mwalimu, "Vipi?"

Nilisikia anafungua mkoba wake na kuufunga. Kisha akasema, "Limenyooka, Fundi. Limependeza sana." Ilikuwa ile sauti yake ya kumpa pole mtoto aliyeshindwa.

Nikamwambia ahsante. Nimemwacha adanganye, alitaka nifurahi. Nilipofika nyumbani nikakaa kitini nikawaza, kumbe ndivyo ulivyokuwa ukizisoma barua zangu, maneno mazuri, ukweli hamna.

Rangi imeshakauka sasa, haifutiki, na sitaki ifutwe. Wewe njoo salama. Nataka nikushike lile kovu la tumbo kwa mkono wangu, nijue lilipo. Siku ya pili utanipeleka makaburini, utasimama ng'ambo ya njia, pale mama yako angesimama, na utanisomea jiwe herufi moja moja. Iliyoinama, sema imeinama. Iliyopanda juu ya nyingine, sema imepanda. Na isiyosomeka, mwanangu, sema siioni. Usibahatishe.

Baba yako,
Fundi